Krimu ya siagi au krimu ya kupiga? Kupamba keki za vikombe Nakuru na Kisumu

Mtu akiniuliza anunue nozeli gani, yaani kile chuma cha kukamulia krimu, ili keki zake za vikombe zifanane na za duka, mimi humjibu kwa maswali matatu. Zitaliwa mji gani? Zitaliwa saa ngapi? Na zitafika huko kwa miguu, kwa boda au kwa matatu? Nozeli huja baadaye. Nimeona mikono mizuri sana ikikamua mawaridi safi asubuhi, na kufikia saa nane mchana mawaridi yale yamelala ubavu. Mikono ile haikuwa na kosa. Krimu ndiyo iliyopelekwa mahali isipoweza kukaa.

Haya nimeyajua kwa kupika katika miji miwili. Nilianzia Nakuru, mtaa wa Section 58, katika jikoni ambamo asubuhi za Julai siagi ilikuwa ngumu kama sabuni ya mche. Kisha nikahamia Kisumu. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu iko kando ya ziwa, mita 1,130 hivi. Ukishuka mita hizo 700 unatoka kwenye mchana wa nyuzi 25 unaingia kwenye mchana wa nyuzi 30, tena wenye unyevu wa ziwa. Kwa binadamu ni kuvua sweta tu. Kwa siagi ni jambo zito, kwa sababu siagi hukamuliwa vizuri ikiwa karibu na nyuzi 20, huanza kulegea ikipita 25, na ikifika kati ya 32 na 35 imegeuka mafuta.

Sherehe yangu ya kwanza Kisumu ilikuwa ya mtoto wa jirani aliyekuwa anatimiza miaka mitano. Nilipeleka keki 24 zenye mapishi yaleyale ya Nakuru, zikapangwa mezani chini ya hema. Kabla ya wimbo kuimbwa, binti mmoja mdogo alinivuta gauni. "Anti, mbona keki zinalia?" Alisema kweli. Mafuta yalikuwa yanachuruzika juu ya vikaratasi. Mama mwenye sherehe akanituliza, "Usijali dadangu, watoto watakula tu," na kweli walikula, lakini usiku ule sikupata usingizi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiweka krimu hii kando ya ile, dirishani, mezani na ndani ya boksi, nione ipi inasimama wapi.

Trei kwanza, ua baadaye

Kuna jambo moja ambalo aina zote za krimu zinalihitaji, nami nalisema mapema kwa sababu ndilo linalopuuzwa. Mnunuzi haangalii keki moja. Anaangalia trei nzima kwa mara moja, na jicho lake linatafuta usawa: kimo kimoja, duara moja, rangi moja, ncha zote zimesimama upande mmoja. Keki 12 zenye msokoto wa kawaida zinazofanana kabisa huonekana za duka kuliko keki 12 zenye maua ya ajabu ambayo kila moja lina sura yake.

Usawa huo unaanzia kwenye mchanganyiko wa keki. Mimi hupima kwa kijiko cha kuchotea aiskrimu, na wakati wa oda kubwa huweka trei juu ya mizani: gramu 50 hadi 55 kwa kila kikaratasi cha kawaida, ambayo ni kama thuluthi mbili ya kina chake. Ukijaza zaidi, keki inamwagika kama uyoga na msokoto hautapata ukingo wa kushika. Oveni ikiwa nyuzi 180, kwini keki zetu hupanda kilima na kupasuka juu, jambo ambalo kwa keki ya chai ni zuri. Kwa keki ya kupambwa nashusha hadi 160 au 165 na kuongeza dakika chache, zitoke na uso wa karibu kuwa tambarare. Anayeoka kwa sufuria na makaa juu ya kifuniko hawezi kuamuru nyuzi namna hiyo, basi na akate vilima kwa kisu cha mkate keki zikishapoa. Hakuna atakayejua, na vipande vile vina wenyewe jikoni.

Kupoa ni kupoa kweli. Keki yenye joto hata kidogo katikati huyeyusha krimu kutoka chini, nawe utailaumu siagi bure. Mimi husubiri saa nzima na nusu Kisumu, chini kidogo Nakuru.

Krimu ya siagi

Hii ndiyo krimu ya wengi wetu, na ninaipenda kuliko zote. Kipimo chake ni rahisi kukumbuka: siagi sehemu moja, sukari ya aisingi sehemu mbili. Gramu 250 za siagi, gramu 500 za sukari, chumvi kiasi cha ncha ya kisu, vanila, na vijiko viwili vitatu vya maziwa. Zinatosha keki 12 zenye msokoto mrefu, au 15 ukiwa na mkono wa wastani. Siagi ipigwe peke yake kwanza dakika 5 kamili, mpaka manjano yake ififie iwe karibu nyeupe. Hatua hiyo ndiyo inayoitenga krimu laini ya duka na krimu nzito ya manjano ya nyumbani, na watu huiruka kwa haraka. Sukari ichekechwe mara mbili. Donge moja dogo kama punje ya wimbi likiziba nozeli, msokoto unakatika katikati na krimu inapasukia ubavuni mwa mfuko.

Kwa kuwa ina sukari nyingi, uso wake ukikaa hewani hufanya ngozi nyembamba. Ngozi hiyo ni msaada mkubwa: keki ikiguswa kidogo na kifuniko cha boksi haiharibiki. Lakini shanga za sukari na chenga za rangi lazima zitiwe mara tu umemaliza kukamua, kwa sababu dakika kumi baadaye hazishiki tena, zinabiringika tu.

Nakuru, krimu ya siagi tupu inatosha karibu mwaka mzima. Utaikamua saa mbili asubuhi Lanet na kuifikisha Kiamunyi saa sita ikiwa na kingo zake zote. Shida ya Nakuru ni kinyume chake: mwezi wa Juni na Julai siagi huwa baridi mno, krimu inatoka na vipande vipande, na mkono unauma kwa kukamua. Weka bakuli juu ya sufuria ya maji ya vuguvugu kwa sekunde chache, piga tena, itarudi.

Kisumu ndiko nilikolazimika kujifunza upya. Niliweka keki tatu dirishani saa sita mchana, pasipo jua la moja kwa moja. Ya kwanza ilikuwa na siagi tupu, ya pili siagi nusu na mafuta meupe ya kuganda nusu, ya tatu majarini ya mkate. Ile ya siagi tupu ilipoteza kingo kabla ya dakika 40. Ile ya majarini ilitoa majimaji chini yake, kwa sababu majarini nyingi za kupaka mkate zina maji mengi kuliko siagi, ambayo mafuta yake ni asilimia 80 hivi. Ile ya nusu kwa nusu ilikuwa imesimama hata nilipotoka kwenda sokoni Kibuye na kurudi. Mafuta ya kuganda huyeyuka kwa joto la juu zaidi kuliko siagi, basi ndiyo yanayobeba umbo wakati siagi inabeba ladha.

Yana gharama yake, nami siifichi. Ukizidisha mafuta, yanaacha utando juu ya ulimi, na mlaji anahisi amekula kitu cha bei rahisi hata kama hawezi kukitaja. Gramu 125 kwa gramu 125 ndiyo mwisho wangu. Chagua mafuta meupe yasiyo na harufu, uyanuse dukani kama wanakuruhusu, na utie chumvi na vanila zizidi kawaida kidogo. Maziwa nayo, tumia kijiko kimoja tu, au usitumie kabisa.

Kuna binamu ya krimu hii, ile ya ute wa mayai iliyozaliwa Uswisi. Unapasha ute wa mayai manne pamoja na gramu 240 za sukari ya kawaida juu ya mvuke hadi nyuzi 71, joto la kuua vijidudu vya mayai, ukisugua tone kati ya vidole usihisi chembe. Unaupiga mpaka usimame na bakuli lipoe, halafu unatia gramu 340 za siagi kipande kwa kipande. Itafika mahali ionekane imekatika kama maziwa yaliyochacha. Usiimwage, endelea kupiga, itaungana. Ni laini kama hariri na sukari yake ni ya kiasi, na kwa harusi ya Nakuru, ndani ya ukumbi, sijaona krimu ya kuishinda. Kwa mchana wa Kisumu siipendekezi. Siagi ndiyo iliyojaa humo, na haina ile ngozi ya kuilinda.

Krimu ya kupiga

Hapa nazungumzia ile inayouzwa ya maji katika katoni za lita moja, au ya unga katika pakiti, ambayo kwa kweli si krimu ya ng'ombe. Imetengenezwa kwa mafuta ya kokwa za mawese, maji, sukari na viungo vya kuishikilia. Ya ng'ombe halisi ni tamu zaidi, lakini nje ya friji haikai, basi tuiache kwa kula na matunda.

Tuanze na uzuri wake, ambao ni mwingi. Hujaa: lita moja ikipigwa inakuwa zaidi ya lita tatu, kwa hiyo keki nyingi hupambwa kwa pesa chache kuliko siagi. Ni nyeupe kabisa, na juu ya weupe huo rangi za waridi na samawati zinatoka safi, bila ile manjano ya siagi inayogeuza samawati kuwa kijani. Haina utamu mwingi. Wazee wengi ninaowapikia huku Kisumu na Kakamega huiomba yenyewe: "Nifanyie ile nyepesi, mama, isiyo na sukari ya kuumiza jino."

Masharti yake ni baridi na kiasi. Iliyoganda iyeyushwe kwenye friji, si juani. Bakuli na mapigio yake yawe baridi. Ipigwe kwa mwendo wa kati, na usiondoke kwenda kuchungulia mlangoni, maana kati ya krimu iliyo tayari na krimu iliyopita kuna dakika moja tu. Iliyo tayari inang'aa kidogo na kilele chake kinainama ncha. Iliyopita ina vijitundu kama sifongo, na ukiikamua kingo zake zinachanika chanika. Ukiona imepita, ongeza kijiko cha krimu ya maji ambayo haijapigwa, uichanganye kwa mwiko wa mkono.

Upande wa joto, krimu hii imenishangaza kwa mema. Watu hudhani ni ya kwanza kuanguka, kwa sababu ni nyepesi. Ikiwa imepigwa vizuri na imetoka moja kwa moja kwenye friji, hapa Kisumu inakaa vizuri saa moja na nusu hadi mbili kivulini, kushinda siagi tupu. Lakini inategemea friji, na friji inategemea stima. Stima ikipotea saa tano asubuhi siku ya sherehe, mwenye krimu ya siagi nusu kwa nusu ana wasiwasi, mwenye krimu ya kupiga ana msiba. Isitoshe haifanyi ngozi. Mguso mmoja wa kidole unabaki pale pale, na chenga za rangi zikitiwa mapema huvuja rangi na kuacha madoa. Hizo zitie mwishoni, keki zikishafika.

Nikibanwa nichague kati ya hizi mbili kwa mtu anayeanza, nitasema hivi. Aliye Nakuru, Njoro au Molo aanze na siagi. Aliye Kisumu, Busia au Bungoma, mwenye friji na mteja wa mtaani, aanze na ya kupiga. Aliye Kisumu asiye na friji ashike nusu kwa nusu.

Ganashi, fondanti na nyingine

Ganashi haitajwi sana katika jikoni zetu, na nadhani inanyimwa haki yake. Ni chokoleti iliyokatwakatwa ikamwagiwa krimu ya moto. Kwa chokoleti nyeusi, uzito sawa kwa sawa unakupa ganashi ya kuchovyea: unageuza keki, unazamisha uso wake, unainyanyua kwa kuizungusha, nayo inajisawazisha yenyewe iwe kama kioo. Hakuna nozeli wala mfuko, wala mkono wa miaka mingi, na trei nzima inafanana bila jasho. Kwa Kisumu ongeza chokoleti iwe mara mbili ya krimu, ili ikipoa iwe ngumu kidogo. Zile chokoleti za kuokea zilizotengenezwa kwa mafuta ya mimea badala ya siagi ya kakao ni rahisi zaidi na hazisumbui kwenye joto, ingawa ulimi uliozoea chokoleti yenyewe utaitambua tofauti. Mwanafunzi aliye na oda ya kwanza na mikono inayotetemeka, mimi humpa ganashi. Juu yake anaweka shanga tatu za sukari na ua moja, basi.

Fondanti, yaani donge laini la sukari linalosukumwa kama chapati, ninaitumia kwa vipambo vidogo tu: nyota, herufi, utepe. Kuifunika keki ya kikombe kwa fondanti ni kumpa mlaji kitu atakachokibandua na kukiacha kwenye sahani. Vipambo vyake vifanywe siku mbili kabla, vikauke hewani, visiingie friji kamwe, kwa maana vikitoka humo na kukutana na hewa ya ziwa vinatokwa jasho na kunata. Aisingi ngumu ya ute wa yai ni ya mistari na maua madogo ya kukaushwa juu ya karatasi. Haifai msokoto.

Nozeli, mfuko na rangi

Sasa tunaweza kufungua sanduku la vyuma. Seti zile za nozeli 24 au 48 kwa bei ya kuvutia nyingi ni ndogo mno kwa keki za vikombe. Ni za kuandikia majina na kupamba kingo za keki kubwa. Pesa hizo hizo zinanunua nozeli mbili kubwa za maana.

Ya kwanza ni nyota iliyo wazi, namba 1M. Hii moja ina sura mbili. Ukianzia ukingoni ukizunguka kuelekea katikati huku unapanda, unapata msokoto wa aiskrimu. Ukianzia katikati ukizunguka kuelekea nje bila kupanda, unapata waridi. Ya pili ni 2D, nyota iliyofungwa, ambayo kingo zake ni nyembamba na zina mikunjo zaidi, na ukiikamua ukizungusha kifundo cha mkono kidogo inatoa ua zima kwa mguso mmoja. Kwa krimu ya siagi nusu kwa nusu ninachagua 2D, kwa kuwa mikunjo yake inashika. Kwa krimu ya kupiga ninachagua 1M, maana mikunjo membamba ya 2D hulegea kwanza na ua linapoteza sura kabla ya saa moja kuisha. Nozeli za Kirusi zinazotoa tulipu mara moja zinahitaji krimu ngumu sana, hivyo ni za Nakuru na za asubuhi.

Nozeli isimame wima, sentimita moja juu ya keki. Anza ukingoni kabisa, usiache keki tupu ikionekana kando, kwa kuwa hapo ndipo jicho linapojua kazi ya nyumbani. Mizunguko miwili na nusu. Kabla ya kunyanyua, acha kukamua, sukuma chini kidogo, halafu vuta juu. Ncha itabaki fupi na safi. Fanya mazoezi juu ya sahani iliyopinduliwa, kwangua krimu, irudishe mfukoni, rudia mara ishirini. Krimu ya siagi inavumilia mazoezi hayo. Ya kupiga haivumilii, inazidi kupigwa ndani ya mfuko kwa kukamuliwa tena na tena.

Mfuko wenyewe uwe wa inchi 16 au zaidi, ujazwe nusu tu. Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017, ile njia ya kukata pembe ya mfuko wa duka imetuacha, na sijaihuzunikia: ilikuwa inapasuka. Karatasi ya kuokea iliyokunjwa pembe inatosha kwa mistari ya chokoleti, lakini kwa msokoto itafumuka. Wa kitambaa unafuliwa na kudumu miaka, ila hubaki na harufu ya mafuta usipouchemsha. Kisumu una faida moja zaidi, kwamba joto la kiganja halipiti upesi kama kwenye ule mwembamba wa kutupwa. Weka mifuko miwili midogo badala ya mmoja mkubwa, mmoja ukiwa friji wakati mwingine uko mkononi. Kwangu hiyo iliokoa kazi kuliko nozeli yoyote.

Rangi za maji, zile za chupa ndogo za dukani, ni sawa kwa waridi hafifu na manjano ya limau. Ukitaka rangi iliyokolea utalazimika kutia kijiko kizima, na krimu italegea. Rangi za jeli ni ghali, lakini ncha ya kijiti cha meno inatosha bakuli zima. Changanya saa chache kabla, kwa sababu rangi hukolea ikikaa, na uliyoiona hafifu saa moja itakuwa kamili saa nne. Nyekundu na nyeusi ndizo zenye matatizo: zikizidi zinakuwa chungu na zinapaka meno. Nyeusi ianzie kwenye krimu ya kakao, itahitaji rangi kidogo tu.

Kupamba kabla ya safari au baada

Ulinganisho huu wa mwisho ndio ambao singeweza kuuandika nikiwa bado Nakuru. Mwaka jana dada yangu, ambaye bado anaoka kule, aliombwa keki 60 za shukrani ya mama mkwe wangu hapa Kisumu. Akasema atazipamba usiku, apande gari alfajiri. Nikamwambia, "Dada, pitia ramani kwa macho ya siagi." Kutoka Nakuru unapanda hadi baridi ya Mau Summit, unapita Kericho kati ya chai ambako krimu ingekuwa na raha yake, kisha barabara inashuka, na ukifika Awasi na Ahero umeingia joto la uwanda wa Kano, mchana, ndani ya gari lililojaa watu.

Tulikubaliana tuzigawe, nusu kwa njia yake na nusu kwa yangu. Keki 30 zilipambwa Nakuru kwa krimu nusu kwa nusu, zikapoozwa usiku kucha ndani ya friji mpaka ngozi ikakauka, zikapangwa kwenye maboksi yenye karatasi ya matundu 12 inayoshika kila keki shingoni. Hizo 30 nyingine zilisafiri tupu kwenye trei zilizofunikwa, krimu ikiwa ndani ya mifuko iliyofungwa, ndani ya boksi la baridi lenye chupa za maji yaliyogandishwa, kila mfuko ukiwa na nozeli yake tayari.

Zile zilizopambwa zilifika 22 nzima. Nane ziliguswa kichwa na kifuniko kwenye matuta, na tano kati ya hizo zililainika upande uliokuwa karibu na dirisha la gari. Zilikuwa za kuliwa, si za kuonyeshwa. Zile tupu zilifika zote. Tuliziweka kwenye meza ya jikoni, tukaacha krimu ipunguze kidogo ukali wa baridi, dakika kama kumi na tano, tukaikanda ndani ya mfuko kwa viganja. Dada akashika mfuko mmoja, mimi mwingine, mpwa wetu akitia shanga nyuma yetu kabla ngozi haijafanyika. Dakika 35 kwa keki 30. Tulitofautiana kidogo mikono, yeye anapenda mzunguko wa tatu nami huishia wa pili na nusu, basi baada ya keki nne tukasimama, tukakubaliana wa pili na nusu, na zile nne zake tukaziweka nyuma ya trei.

Saa saba na nusu zilikuwa mezani. Mama mkwe aliinua moja, akaizungusha kwenye mwanga, akauliza tumeinunua duka gani pale mjini.